Baba, Rukia Amejifunza Kuanguka

Mpendwa baba,

Salim huja kukuzuru kila Ijumaa baada ya sala, na kila akirudi namuuliza, "Umemwambia?" Hunijibu, "Nimemsomea Yasini." Yasini ndiyo zawadi yako, sibishi, lakini habari za mjukuu wako hakuna anayekupa. Mume wangu unamjua, hata sisi tulio hai hutupa maneno kwa kipimo. Kwa hiyo naandika mwenyewe.

Nipo mezani kwa cherehani. Nimesogeza pembeni sare za watu zinazongoja vifungo, na wenyewe wakija leo wataambiwa njoo kesho, kama kawaida ya mafundi. Bakora yako ya kirumbizi iko nyuma ya mlango, pale pale ulipoiegemeza. Naipaka mafuta ya nazi mara kwa mara, maana mchwa wa Wawi hawajui heshima ya mtu.

Unakumbuka njia ya skuli? Wewe na Rukia, kila asubuhi, mkono kwa mkono, wewe na kofia yako ya kiua na yeye na mkoba mkubwa kuliko mgongo. Kigugumizi chake kilikuwa hakijakusumbua hata siku moja. Sisi wengine neno likimkwama tulimkimbilia. Mimi nilimmalizia, baba yake alimmalizia, hata muuza maandazi alimmalizia na kumfungia maandazi ambayo mtoto wala hakuyaomba. Wewe ulisimama. Kama mlikuwa mnatembea ulisimama kabisa, ukatazama mikarafuu ya watu, ukangoja mpaka neno lifike. Siku moja nilikuwa nyuma yenu mbali kidogo, naye alitaka kukuonesha kinyonga. Mpaka amelitoa jina la kinyonga, kinyonga mwenyewe alikuwa ameshavuka njia na kupotea majanini, nawe ukamwambia, "Ndiye, nimemuona," kana kwamba mlikuwa na siku nzima.

Jioni nikakuuliza kwa nini humsaidii mtoto. Ukanitazama kwa lile jicho lako la kunionea huruma.

"Hajanambia chamba kazidiwa," ukasema. "Neno lake, nwache alitoe nwenyewe."

Na nakumbuka jambo jingine, la zamani zaidi, ambalo nilidhani halihusiani na hili. Nilikuwa mdogo, umenipakia kwenye baiskeli mpaka Chokocho kwenye harusi ya watu wako. Alasiri ikachezwa kirumbizi. Zumari linalia, ngoma zinajibu, wanaume wamefanya duara, na wawili wawili wanaingia kati na fimbo zao kutafutana vichwa na mbavu. Wenzio walikuwa wakiingia kwa mikogo, wakizungusha bakora hewani. Wewe uliingia polepole, ukaigeuza bakora yako, ukampa mpinzani wako upande wa kushikia.

"Kamata kwanza, yakhe," ukamwambia.

Akaishika, akaipima uzito, akakurudishia. Ndipo mkacheza. Watu wa Chokocho walishakuzoea, lakini wageni walisema unajitia. Ukirudi na mimi njiani, na alama nyekundu kwenye bega maana siku ile ulipigwa vizuri tu, nilikuuliza ile ilikuwa nini. Ukasema mtu akishaikamata bakora yako hakuogopi tena, na asiyekuogopa ndiye wa kucheza naye. Anayeogopa, ukasema, hupiga vibaya na huumiza watu. Mimi nilikuwa nawaza pilau niliyoiacha, sikuyatia maanani.

Baba, ulipoondoka, Rukia aliacha skuli.

Si mara moja. Kwanza lilikuwa tumbo. Kila asubuhi tumbo, kila adhuhuri amepona. Nikamchemshia majani, nikampeleka hospitali, nikamsomeshea dua. Kisha nikajua kuwa wewe ulikuwa si mtu wa kumfikisha skuli tu. Ulikuwa ukingoja pale getini mpaka kengele, na watoto walikuogopa kidogo. Ulipotoweka, darasani akapatikana msichana, Husna, binti wa watu wa kule karibu na uwanja, akaanza kumwiga kila akisimama kusoma. "Ru-ru-ru." Darasa zima likachukua. Wakampa jina la Ruru, na jina baya halihitaji miguu.

Nilikwenda kuzungumza, wakaonywa, ikawa mbaya zaidi, sasa wanamwiga kimya kimya kwa midomo tu. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kwa upole kwamba mtihani wa kupanda darasa unakaribia, na mtoto akiendelea kukosa atabaki pale pale wenzake wakipanda. Abaki pale, kisha awe mkubwa wao, tena mwenye kigugumizi. Nilijua kabisa kwamba akibaki, hatorudi tena. Nilifikiri nitamfundisha ushoni basi, akae nami hapa ndani. Halafu nikaliona wazo lile lilivyo, mtoto wa miaka kumi na moja kufichwa nyuma ya cherehani, nikalia mpaka uzi ukanipotea kwenye sindano.

Ni Salim aliyeleta jambo la mazoezi. Katika safari zake za mizigo aliona tangazo mjini Chake, karate kwa watoto na wakubwa. "Mpeleke," akaniambia. "Akajifunze kuwatia adabu."

"Mtoto anashindwa kusema jina lake, wewe wataka apige watu?"

"Kama hasemi kwa mdomo, na aseme kwa mguu."

Nilimcheka, lakini mfa maji haachi kutapatapa, na siku ya tatu nilikuwa mjini nimemshika Rukia mkono. Ukumbi wenyewe mzuri, juu ghorofani, watoto wamevaa nguo nyeupe za mazoezi utadhani sikukuu. Kijana mwenye mkanda mweusi akawapanga mstari, na kila mmoja akatakiwa apige kelele jina lake kwa nguvu zote. Jina! Na mwingine, jina! Zamu ikafika kwa Rukia. "Ru..." akaanza. "Ru... Ru..." Watoto wakatazamana. Mmoja akacheka, na kicheko unajua kinavyotembea. Yule kijana akatazama saa yake.

"Hapa hatuna muda wa kungojana, dada," akaniambia mimi, si yeye. "Mrudishe akishajua kusema."

Nikamgeuza Rukia, tukashuka ngazi. Jibu nililokuwa nalo halikufaa kutoka ndani ya buibui.

Mahali pa pili palikuwa pa kunyanyua vyuma, muziki juu, wanaume wazima wanajitazama kwenye vioo na kujipenda. Mlinzi wa pale alikuwa muungwana, siwezi kumsingizia. Alituletea hata kiti. Lakini watoto hawachukui, akasema, na kina mama siku zao bado hazijapangwa. Tukarudi Wawi kwa miguu kipande cha mwisho, mimi nasema maneno mengi ya kumtia moyo. Tulipofika mlangoni ndipo akanambia.

"Mama, mi... miye sebu tena."

Ukisikia mtoto wa Kipemba kasema sebu, ujue hataki kweli, usimsukume. Sikumsukuma.

Sasa sikia aliyetuokoa. Bi Time. Ndiye huyo huyo Bi Time uliyegombana naye miaka kwa ajili ya kuku wake kwenye muhogo wako. Alikuja asubuhi na kitambaa cha marekani begani, akataka nimshonee koti, kitambaa mara mbili, kola nene, mishono ya kukaza.

"Kola la kukamatwa hili," akanambia. "Mtu alivute asilichane."

"Nani wa kukamatwa, Bi Time?"

"Miye."

Nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga cherehani. Yeye hakucheka. Akakaa juu ya mkeka, akanieleza kwamba tangu ateleze pale bombani akaumia nyonga, alikuwa akiogopa hata kwenda msalani mvua ikinyesha. Mwalimu Khatibu, huyu anayesomesha hesabu sekondari, alijifunza judo ujana wake Unguja, na amefungua mahali katika banda lao la zamani la karafuu, yeye na mkewe Bi Mgeni, ambaye naye alikuwa akicheza. Wanachukua watoto, wanachukua wakubwa, wanawake wana pazia lao. Mwalimu alimwambia Bi Time kuwa uzee hauzuii mtu kuanguka, lakini mtu anaweza kufundishwa kuanguka vizuri.

"Kila wiki naanguka," akasema kwa fahari, "na sijavunjika hata ukucha. Nlete ntoto."

"Hataki."

"Asianguke. Aje anione miye nnavyoanguka, acheke."

Hilo ndilo lililompata Rukia, baba. Si mimi wala maneno yangu ya kutia moyo. Alitaka kumwona Bi Time akianguka.

Banda lenyewe lingekufurahisha. Chini wametandaza makumbi ya nazi, juu yake majamvi ya kuanikia karafuu, mengine ya Bi Time, mengine ya majirani, na juu ya majamvi turubai limevutwa likakaza. Ukiingia pua inakwambia karafuu, kamba na jasho la watoto. Tulivua viatu. Mwalimu Khatibu akaja, mtu mfupi mwenye ndevu za kupunguzwa, akaweka mkono kifuani kutusalimu. Niliona wanafunzi wote wanafanya hivyo kabla ya kushikana, na nilikuwa nimekwishajiandaa kubishana maana nilisikia mchezo huu watu huinamiana. Bi Mgeni akanisoma usoni.

"Huko tulikosomea waliinama," akasema. "Hapa twaweka nkono moyoni. Kuinama kuna mwenyewe."

Kisha mwalimu akamgeukia Rukia, akamuuliza jina. Mimi nikavuta pumzi. "Ru..." akaanza, na nikaona watoto wawili watatu wanageuka kutazama, na mdomo wangu tayari umeshafunguka kumsaidia. Mwalimu hakumtazama kwa kumkazia macho. Alichuchumaa, akashika ukingo wa jamvi uliokuwa umejikunja, akaunyoosha, akaupigapiga ukalala. Hakuwa na haraka yoyote. Alipomaliza, neno nalo lilikuwa limefika.

"Rukia."

"Karibu Rukia," akasema.

Nilitazama juu kwenye mapaa, nikajifanya nahesabu makuti. Baba, tangu tukuzike sikuwa nimemwona mtu akimngoja mtoto yule namna ile.

Basi akaenda na Bi Mgeni upande wa pazia. Bi Mgeni akamwambia kwamba neno la kwanza katika mchezo huu husemwa kwa mkono. Ukiumia, ukichoka, ukiogopa, au umetaka tu iwe basi, piga mara mbili, kwenye jamvi au kwenye mwili wa mwenzio. Na mwenzio lazima akuachie papo hapo. Hana ruhusa ya kuuliza kwa nini, hana ruhusa ya kungoja umalize. Akamshika Rukia mkono wa gauni, akamkaza kidogo. "Haya." Rukia akapiga mara mbili, kwa vidole, kama anabisha hodi nyumba ya watu wakubwa. Bi Mgeni akafungua mikono yote miwili kwa mpigo.

Rukia akautazama mkono wake. Akaomba ashikwe tena. Akapiga tena, akaachiwa. Mara nyingi, baba, sikumbuki ngapi, mpaka Bi Mgeni akaanza kucheka. Alikuwa anapima kama kweli kuna mahali duniani unasema basi na inakuwa basi.

Njiani kurudi nilikuwa nazungumza. Unanijua. Nampangia, nikimwambia kesho tutakwenda, na keshokutwa atajaribu skuli, na akifika asimjali fulani, na akiulizwa ajibu hivi na hivi. Nikasikia kitu mkononi. Kofi mbili ndogo, pa, pa, juu ya buibui. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mbele, uso mkavu kabisa, lakini pembe ya mdomo ilikuwa inamsaliti.

Nikanyamaza mpaka nyumbani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kuanguka nako alikupenda. Kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono unapiga chini kabla ya mwili kufika. Bi Time alikuwa anaanguka na "Bismillahi" kubwa, kisha anabaki chini amelala anazungumza habari za watu mpaka avutwe. Na mimi mwanao nikaanguka pia, usishangae. Nilichoka kukaa pembeni na kushikilia viatu. Mara ya kwanza nilianguka kama gunia la mbata, ushungi ukaenda kwake na mimi kwangu, na Rukia akacheka kwa sauti. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu msiba wako, na kwa kicheko kile ningeanguka mpaka Magharibi. Salim aliposikia aliuliza nani atapika. Nikamwambia anayeuliza.

Lakini skuli bado. Alikuwa akivaa sare, akifika kwenye kona ya mbuyu wa Mzee Ali, tumbo likianza, anarudi. Mimi nikajipa subira. Kisha mikarafuu ikazaa, na mwaka huu imezaa kweli, na kila mtu akahitaji majamvi yake. Bi Time alikuja bandani na mjukuu mwenye mkokoteni, haya zimemshika, akasema, "Mwalimu, nisamehe." Mwalimu akashika mwenyewe ncha ya jamvi la kwanza kulikunja. "Karafuu kwanza, Bi Time. Judo haiozi." Sakafu yetu yote ikaondoka siku moja, yakabaki makumbi na vumbi. Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Niliona mtoto atatuama tena ndani, na yote yale yawe yamepita bure.

Wanawake wa bandani tukaanza kukutana kwa Bi Time alasiri kumsaidia kuchambua, kama desturi. Karafuu huku, vijiti vya makonyo kule, na maneno ya watu kati. Siku moja uani majamvi yote yamejaa, zimeshaanza kukauka vizuri, na Rukia kawekwa nje kufukuza kuku. Ndani redio iko juu, Bi Mgeni na Bi Time wanashindana kuhusu nani alioa nani kwanza, na hakuna anayemsikia mwenzake. Nikamwona Rukia kasimama mlangoni. Mdomo umefunguka, shingo imekaza.

"M... m..."

Hakuna aliyemsikia ila mimi. Nikaanza kuinuka. Akanitazama, akaona nakuja kummalizia, akapiga magoti pale kizingitini na kushusha kiganja chake sakafuni mara mbili, kwa nguvu, kama alivyofundishwa, mpaka chano cha karafuu kikaruka.

Nyumba nzima ikaacha. Sisemi iliacha kuzungumza, iliacha kila kitu. Bi Mgeni alikuwa ameshika ungo, akauachia. Bi Time akainua mikono juu mitupu na mdomo wazi katikati ya jina la mtu. Mwili ulishazoea, akili ikafuata baadaye. Na katika kimya kile Rukia akanyoosha kidole juu, upande wa Ole, na tukaona wingu jeusi limeshafika juu ya minazi.

Hukuwahi kuona wanawake wakikimbia vile. Huku kunakunjwa, huku kunaburuzwa, Bi Time na nyonga yake amebeba ncha ya jamvi na kupiga kelele za kuamrisha. Rukia alishika upande mmoja na mimi mwingine. Jamvi la mwisho lilipopita mlangoni, tone la kwanza liliniangukia shingoni. Kisha ikamwagika, ile mvua ya kuamua kesi, nasi tumesimama ndani tunahema, karafuu zimetuingia mpaka kwenye nywele, na hata kiganja kimoja cha karafuu hakikuroa.

"Nani kaiona?" Bi Time akauliza, ingawa anajua. Akamvuta Rukia kifuani. "Tazameni ntoto huyu. Kaokoa mali ya watu pasi na kusema neno."

Rukia akajitoa kwenye kumbatio. Akamtazama bibi wa watu usoni.

"Ni... nilisema," akajibu.

Bi Time akaufuta uso kwa upande wa kanga, akasema ndiyo, kweli, ulisema, sote tumekusikia.

Karafuu zilipouzwa majamvi yakarudi bandani, na harufu zaidi ya mwanzo. Na juma lile lile, pazia likafunuliwa, akaingia mama mmoja na binti yake. Habari ya mvua ilikuwa imetembea Wawi nzima, na mama yule alitaka mwanawe naye ajifunze hayo yanayofundishwa. Binti kajificha nyuma ya buibui la mama. Nikamtambua. Husna.

Nilitaka kwenda kwa Bi Mgeni kumwambia, huyu si wa kumpokea, huyu ndiye. Lakini Bi Mgeni hakujua lolote, naye kwa kuwaangalia tu akaona wanalingana kimo. "Rukia, njoo nshike huyu ngeni." Rukia akaja. Wakasimama uso kwa uso juu ya jamvi, na yule anayetetemeka, baba, hakuwa wetu. Husna alikuwa ameibana mikono yake na macho yapo chini. Alikuwa anajua alichokifanya, na anajua amefika mahali ambapo aliyemfanyia anajua kuangusha watu. Nami, Mungu anisamehe, nilisubiri kwa hamu nimwone anavyoangushwa.

Rukia akaweka mkono kifuani. Kisha akaushika upande wa kola ya koti lake, lile nililomshonea mwenyewe, akauvuta mbele kumpa.

"Ka..." akasema. "Ka... ka..."

Nilijua neno gani linakuja, nikalijua mwili mzima, na nikauma ushungi wangu nisiliseme. Bi Time alinifinya paja kwa kunizuia, alama ninayo mpaka leo. Mwalimu kwa upande wa pili wa pazia akasimamisha zoezi. Husna akainua macho. Hakucheka, hakuiga. Alingoja, kwa kuwa kila mtu mahali pale alikuwa anangoja, na hapakuwa na jingine la kufanya.

"Kamata kwanza," Rukia akamwambia.

Husna akakamata.

Njiani nikamuuliza nani alimfundisha maneno yale. Alinishangaa. "Ba... babu. Tukenda skuli." Kumbe asubuhi zote zile, mimi nikidhani mnatazama vinyonga, ulikuwa ukimpa bakora yako ashike.

Jumatatu akavaa sare. Nikamsindikiza kama kawaida, nimeshaandaa majani ya tumbo kwenye mkoba. Tulipofika kwenye kona akapunguza mwendo, na mimi nikamkaza mkono, tayari kurudi naye. Wanafunzi walikuwa wanapita makundi makundi. Mmoja akamwita kwa mbali, akamwita Rukia, jina zima. Ndipo nikazisikia kwenye mkono wangu, pa, pa.

Nilitaka kuuliza kama ana hakika, kama tumbo li salama, kama nimngoje getini ulipokuwa ukingoja wewe. Lakini kanuni naijua, na mimi pia nimeanguka juu ya jamvi lile. Nikafungua mkono papo hapo. Akaenda, na mkoba wake mkubwa, hakugeuka nyuma. Nilisimama pale mpaka nikasikia kengele, kisha nikarudi kushona, na siku ile nilitia mikono ya mashati ya watu kinyume.

Mtihani alifanya, kapanda. Kusoma kwa sauti bado kunamchukua muda mrefu, na wapo wanaochoka kungoja, nao wapo wanaongoja. Husna anangoja.

Kila baada ya sala nakuombea Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti ya kuyajibu maswali ya kaburini, kama tunavyowaombea waliotangulia wote. Siku hizi nikifika hapo namtaja na Rukia. Na ikiwa huko uliko neno litakukwama, baba, nakuombea uwe na wa kukungoja.

Lala kwa amani. Bakora yako nimeitoa nyuma ya mlango, iko bandani ukutani, chini kidogo, mahali watoto wanapofikia. Kila mgeni anaishika.

Mwanao,
Mama yake Rukia